Watoto Wachezao Njiani
Somo: Zakaria 8:1–6



Nabii Zakaria alipotumwa kuwatuliza watu waliorudi kutoka uhamishoni, hakuanza na habari za majeshi wala za hazina. Aliwatajia alama mbili za mji ambao Mungu amerudi kukaa ndani yake: wazee walioshiba siku, wameketi na mikongojo yao, na wavulana na wasichana wamejaa njiani wakicheza. Neno hili twalisoma upesi na kupita, kwa kuwa twadhani mchezo wa mtoto si kitu. Lakini Bwana auweka mchezo huo miongoni mwa alama za wokovu wake.

Hivi karibuni tulisafiri mpaka Karema, kando ya Ziwa Tanganyika katika mkoa wa Katavi, ili kuwaangalia Wakristo wetu wachache walio huko. Mwenyeji wetu alikuwa mama mmoja atunzaye watoto wadogo mchana, wakati mama zao wapo shambani au wanaanika dagaa ufuoni. Siku ya pili mvua ilituzuia kusafiri, nasi tukaketi barazani mwake tangu asubuhi hata alasiri, tukiwatazama watoto wale. Tulikuwa tumekwenda kufundisha, kumbe tuliitwa kufundishwa.

Walikuwa watoto kumi na tisa, na mkubwa wao hajatimiza miaka sita. Asubuhi waliingia mmoja mmoja. Mmoja, mgeni, alilia sana mama yake alipoondoka, na mtu mzima hakuweza kumnyamazisha. Ndipo msichana mdogo akamletea gunzi la mahindi lililofungwa kitambaa, ambalo kwao ni mtoto mchanga, akamfungia mgongoni. Naye akanyamaza, kwa sababu sasa alikuwa na mtu wa kumbembeleza. Baadaye wakanawa mikono kwa zamu, wakaimba, wakanywa uji, wakalala mkekani. Hapana aliyeuliza kama uji wa kesho upo. Tukaikumbuka Sala ya Bwana, jinsi sisi wazima tuombavyo mkate wa leo kwa midomo, huku mioyo yetu yahesabu madebe ya mwezi ujao.

Mvua ilipokatika watoto walitoka uani kwa kelele. Nasi tukiwasikiliza tuliwaza habari za mahali pale. Mwaka 1879 watu waliotumwa na Chama cha Kimataifa cha Afrika, kilichoongozwa na Leopold, mfalme wa Ubelgiji, walijenga kituo Karema. Na mwaka 1885 kituo hicho kikatiwa mikononi mwa wamisionari Wakatoliki waitwao Mapadre Weupe. Siku zile misafara ya watumwa ilikuwa ikipita katika nchi za ziwa hili, na watoto wakiuzwa mbali na mama zao. Mapadre wakawakomboa baadhi yao na kuwalea. Hata Adrian Atiman, mwalimu wa dini na tabibu aliyefika Karema mwaka 1889 akatumika huko mpaka alipokufa mwaka 1956, alikuwa mtoto aliyeibwa. Alichukuliwa kutoka nchi za mto Niger, akavushwa jangwa, akakombolewa, kisha akasomeshwa uganga huko Malta. Mtoto aliyeibwa hana uwanja wa kuchezea, wala hana wenzake wa kuitana majina. Basi kelele zile za uani zilikuwa neno la Zakaria masikioni mwetu, na tukamshukuru Mungu.

Lakini shukrani yetu haikudumu pasipo kuchomwa. Wavulana walikuwa wameunda mitumbwi ya mabua, na wasichana walikuwa wakipika ugali wa matope. Kisha mmoja akasema, "Tucheze kanisa." Mmoja akapanda juu ya jiwe akahubiri. Wengine wakaketi chini. Wa tatu akaokota ufito, akazunguka nyuma ya walioketi, akapiga ardhi na kusema kwa sauti nzito, "Watoto nje! Mnamsumbua mchungaji!" Na wale waliochaguliwa kuwa watoto wakainuka bila kinyongo, wakaenda kusimama nyuma ya mwembe, kana kwamba hapo ndipo mahali pao.

Mama yule akacheka, akasema, "Mchungaji, hawa hucheza waliyoyaona."

Sisi hatukuweza kucheka. Ufito ule tuliutambua. Jumapili moja kabla ya safari ile, katika usharika wetu wenyewe, tulikatiza mahubiri kwa sababu ya kilio cha mtoto, tukamwashiria mzee wa kanisa; na mama mmoja kijana akatoka na mtoto wake mbele ya macho ya watu wote. Siku ile tulijiona kuwa tumeilinda heshima ya Neno.

Ndugu, tumwangalie Mwokozi wetu. Katika Mathayo 11 awafananisha watu wa kizazi chake na watoto wachezao sokoni, mara arusi, mara matanga. Angewezaje kusema hivyo kama hakuwahi kusimama na kuwatazama? Na katika Marko 10, wanafunzi walipowazuia wale walioleta watoto, aliwakasirikia wanafunzi, hakuwakasirikia watoto. Naye Luther, baba yetu katika imani, alipokuwa ngomeni Coburg mwaka 1530, wakati mambo mazito ya Kanisa yakiamuliwa Augsburg, alipata nafasi ya kumwandikia Hans, mwanawe wa miaka minne. Alimsimulia bustani nzuri, ambamo watoto huokota matunda, huimba, hurukaruka, na kupanda farasi wadogo. Mwalimu yule mkuu hakuona aibu kuzieleza baraka za Mungu kwa lugha ya mchezo.

Labda mmoja wenu atasema, "Je, kanisa lisiwe na utaratibu?" Na liwe nao. Nyumba ile ya Karema ina utaratibu kuliko makanisa mengi, wala hatukuona fimbo humo. Kila jambo lina saa yake, na mtoto huambiwa mapema litakalofuata. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Akilelewa nyuma ya mwembe, atakua nyuma ya mwembe. Na tutakapomtafuta awe mwalimu au mzee wa kanisa, tutamkosa.

Kwa hiyo, waalimu na wainjilisti, twawasihi mambo matatu. Wapeni watoto na mama zao mahali pa mbele, penye kuona, wala si mlangoni. Mkiwasimulia habari ya Maandiko, iwe fupi, kisha mwaache waicheze: kondoo aliyepotea, dhoruba ziwani, Msamaria na punda wake. Tena, kabla ya kuwafundisha, ketini saa moja mwatazame, mpate kujua wamejifunza nini kwenu tayari.

Sisi tuliporudi, tuliomba radhi mbele ya usharika. Watoto wameanza kukaa mbele, na kelele zipo, na Neno lahubiriwa. Lakini mama yule kijana hajarudi. Tumekwenda nyumbani kwake mara mbili. Alitupokea kwa adabu, akatupa kiti na maji, asiseme neno juu ya siku ile. Mwanawe alikuwa uani akicheza peke yake. Tutakwenda tena. Mtuombee, nasi twawaombea ninyi, ili Bwana atakaporudi kukaa kati yetu azikute njia zake zimejaa watoto, na asikute mkononi mwetu ufito.

Amina.