Kumcheka Anayekosea

Je, ni haki kumcheka mtu anayekosea Kiingereza? Wengi huona ni mzaha tu. Mimi naona ni suala la utu.

Mtoto wa Kisarawe katika shule ya msingi ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili, kama ilivyoamuliwa mwaka 1967. Akiingia sekondari hukutana na Kiingereza karibu katika kila somo. Tuseme anajizoeza na mwenzake kwa mazungumzo ya kila siku: mihogo shambani, bei ya korosho, habari za nyumbani. Anamtaja mama yake kwa "he" badala ya "she", na darasa zima linaangua kicheko. Lakini kosa hilo limetoka wapi? Kiswahili humwita baba "yeye", na mama vilevile "yeye". Mtoto amefuata sarufi aliyokua nayo.

Aliyechekwa hunyamaza, na anayenyamaza haulizi swali, hata la hesabu. Hapo kicheko kimemnyima elimu yenyewe.

Tukumbuke pia Kibaha. Kituo chake cha elimu kilitokana na mradi wa mwaka 1963 uliosaidiwa na nchi za Nordiki, zikiwamo Denmark, Norwe na Uswidi. Kwa wageni wale nao, Kiingereza kilikuwa lugha ya kujifunza.

Kusahihisha ni wajibu, ndugu msomaji, maana kosa likiachwa huota mizizi. Ila tusahihishe kama tunavyomwinua aliyeteleza njiani. Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele.