Nasaba na Ukweli

Mtu huchagua rafiki, huchagua kazi, na pengine huchagua nchi ya kukaa. Lakini yasemwa kuwa hawezi kuchagua babu. Mimi, msomaji, nina shaka na usemi huo. Babu akiisha kufa miaka mia, na wote waliomjua wakamfuata kaburini, huwa rahisi sana kuchaguliwa. Swali ninalotaka tulifikiri pamoja ni hili: je, iko dhuluma yoyote katika kufanya hivyo, maadamu marehemu hasikii wala halalamiki?

Tuwaze mtu mmoja wa mji wa Milwaukee, katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Sitampa jina, kwa kuwa watu wa hali yake ni wengi mno. Katika karne ya kumi na tisa Wajerumani wapatao milioni tano walivuka Atlantiki kwenda Marekani, na Milwaukee ni mmoja wa miji waliyoijaza. Mtu wetu ni kilembwe wa mmoja wao. Ameachiwa vitu viwili: masimulizi ya nyumbani, yasemayo kuwa mzee huyo alikuwa Mswisi, na Biblia kuukuu yenye majina na tarehe za kuzaliwa katika ukurasa wa mbele. Huitazama Biblia hiyo kwa heshima, mpaka siku moja anapotambua kwamba tarehe zote za miaka hamsini zimeandikwa kwa mkono mmoja na wino mmoja. Basi hazikuandikwa watoto walipozaliwa. Ziliandikwa kwa mara moja na mtu aliyekuwa akikumbuka, au akijaribu kukumbuka.

Anavigeukia vitabu vya serikali. Marekani imehesabu watu wake kila baada ya miaka kumi tangu 1790. Mpaka 1840 vitabu vilitaja jina la mkuu wa nyumba tu. Tangu 1850 kila mtu huru aliandikwa kwa jina lake. (Watumwa hawakupewa heshima hiyo. Katika 1850 na 1860 waliandikwa kwa umri, jinsia na rangi, chini ya jina la aliyewamiliki, na vizazi vyao leo hutafuta kwa taabu ambayo mtu wetu hataijua.) Katika hesabu ya 1870 anamwona mzee: umri miaka 27, mzaliwa wa Prussia. Katika 1880 ana miaka 35, mzaliwa wa Baden. Hesabu ya 1890 karibu yote imepotea. Iliharibiwa na moto na maji mjini Washington, Januari 1921, na mabaki yakateketezwa baadaye kwa idhini ya Bunge. Ile ya 1900 yasema alizaliwa 1847 katika Ujerumani. Waona, msomaji, kwamba mzee huyu alizidi kuwa kijana kila alipohesabiwa! Kisha, katika 1920, mzee yuyo huyo ni mzaliwa wa Uswisi.

Baadhi ya mambo haya yaelezeka. Kabla ya 1871 hapakuwa na dola moja iitwayo Ujerumani, bali falme na majimbo mengi, kila moja na mtawala wake. Kwa hiyo neno la 1900 halipingani na Prussia wala Baden. Tena karani wa hesabu alipiga hodi, na yeyote aliyefungua mlango ndiye aliyejibu: mke, mtoto, hata jirani. Vitabu vya kabla ya 1940 havikuonyesha ni nani aliyejibu. Sisi huyaamini maandishi kwa sababu yana mhuri, nasi twasahau kwamba nyuma ya mhuri palikuwa na mtu mwenye haraka akimsikiliza mtu aliyekisia. Nawe ukimwuliza nyanya yako alizaliwa lini, huenda akakujibu kwa kutaja njaa au nzige, wala asitaje tarehe. Na jibu lake laweza kuwa la kweli kuliko tarehe aliyoandikiwa na karani.

Lakini Uswisi si kosa la karani. Marekani iliingia vitani dhidi ya Ujerumani Aprili 1917, na chuki ikawaangukia majirani. Shule nyingi ziliacha kufundisha Kijerumani. Watu wengi waliokuwa wakiitwa Schmidt wakawa Smith. Aprili 1918, katika mji wa Collinsville, jimbo la Illinois, kundi la watu lilimnyonga Robert Prager, mzaliwa wa Ujerumani, na watu kumi na mmoja walioshtakiwa kwa kifo chake wakaachiliwa. Mzee aliyesikia habari hizo, akasema kwa karani kuwa yeye ni Mswisi, alisema uongo. Siuiti kwa jina jingine. Hata hivyo simhukumu, kwa maana alikuwa akilinda shingo yake na watoto wake. Ninalouliza ni kama kilembwe wake, asiyetishwa na mtu, ana ruhusa ya kuuendeleza uongo huo. Naona hana. Hofu iliyouhalalisha ilizikwa pamoja na mzee.

Sasa waja mtihani mgumu zaidi. Orodha za abiria wa bandari ya Bremen za miaka hiyo zimepotea, ila za Hamburg zipo tangu 1850. Humo mtu wetu anakuta wasafiri wawili wenye jina moja: seremala wa Baden, na mtumishi wa shambani wa Prussia. Kijiji cha seremala kina vitabu vya ubatizo vilivyoanza zamani sana. Akimchukua huyo, atapata mababu wa karne tatu kwa juma moja. Kijiji cha mtumishi hakina kitu. Moyo wake, bila kuambiwa, umekwisha mpenda seremala.

Hapa ndipo ninapoiona dhuluma. Akimchukua seremala bila hakika, na babu wa kweli akawa ni yule mtumishi, basi amemnyima maskini yule kilembwe pekee aliyepata kumtafuta. Tena amewatwaa wafu wa kijiji kizima wasio wake. Na siku hizi za intaneti, nasaba iandikwayo na mmoja usiku huwa imenakiliwa na kumi asubuhi, na hakuna anakiliye shaka ya mwandishi.

Wako wasemao kwamba penye shaka heri kutoandika neno. Siafikiani nao. Anayengoja hakika kamili atabaki bila babu hata mmoja, na mzee wa Milwaukee hakuwa shaka. Alikula, akazaa, akaogopa. Ningekuwa mimi mwenye Biblia ile, nisingefuta chochote. Chini ya jina lake ningeandika Prussia na mwaka 1870, Baden na mwaka 1880, Uswisi na mwaka 1920, kila neno na mahali lilipotoka. Seremala na mtumishi ningewaweka kando kwa kando, kwa kalamu ya risasi. Kisha ningeacha mistari miwili mitupu.