Ulizeni Maji Kwanza

Wanangu mnaopiga picha za ufukweni siku za mapumziko, na nyinyi mnaorekodi ngalawa na machweo kwa simu, nina neno nanyi. Sisemi muache. Kazi hii ya ridhaa ni njema: inamtoa mtu kitandani alfajiri, inamfundisha kutazama, na haili fedha nyingi kwa mwenye kuishinda tamaa ya vifaa. Ninachokukanyeni ni haraka. Mnashuka kwenye bodaboda, na kabla hamjajua upepo unatoka wapi, kamera imeshatoka kwenye begi. Picha ikiharibika kwa haraka hiyo, hasara ni ndogo. Ila haraka hiyohiyo humpeleka mtu kwenye maji asiyoyajua, na kwa watu asiowajua.

Nianze na maji, na hapo nitakaa kidogo. Pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Matemwe hadi Makunduchi, mwamba uko mbali na ufuko. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukipevuka, bahari hupwa ikaacha mchanga wazi hadi kule mbali, na tofauti ya maji kujaa na kupwa huweza kukaribia mita 4. Kijana aliyetoka mjini anaona uwanja mpana na vidimbwi vya buluu, anatembea nusu saa nzima akifuata picha. Asilolijua ni kwamba maji yakirudi hayaji kumkabili usoni kama mgeni anayepiga hodi. Hupita kwenye mikondo na mabonde ya mchanga nyuma yake, kati yake na ufuko. Tangu yaanze kujaa, saa ya tatu na ya nne ndizo zenye mbio kuliko zote. Akigeuka ameshazungukwa, na cha kwanza anachokiinua juu ni simu.

Jifunzeni hesabu ya wavuvi. Kila siku maji huchelewa kwa dakika zipatazo 50. Fungu mlilolikuta kavu saa nne asubuhi Jumamosi hii, lirudieni Jumamosi ijayo saa nne ileile mtakuta yamejaa. Na bamvua nalo litakuwa limepita, mmeingia kwenye maji mafu, kwa hiyo hata yakipwa hayatafika kule. Rafiki aliyekutumia picha ya wiki iliyopita hakukudanganya. Alikwenda kwenye bahari nyingine. Basi kabla ya kutoka, muulize mvuvi wa hapohapo: leo yanapwa saa ngapi, yanaanza kurudi saa ngapi, na njia ya kurudia ni ipi. Akikuambia usiende, usiende. Usimweleze kwamba umetoka mbali.

Hesabu hiyohiyo ndiyo ufundi wenyewe, na muuza kamera hatakuambieni. Unguja, siku za bamvua, maji hupwa sana mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, na hujaa mnamo saa kumi jioni. Maana yake uwanja ule mweupe hufunguka jua likiwa limeshapanda, vivuli vifupi, mchanga unameta hadi sura za watu zinatoka nyeusi. Nuru laini ya asubuhi na mchanga mtupu wa bamvua havikutani. Anayevitaka vyote siku moja atarudi amenuna. Lakini jioni ya bamvua, vyombo huelea karibu na ufuko, na upande wa magharibi, Forodhani au Nungwi, jua huzama bahari ingali na maji mengi. Siku za maji mafu mambo hugeuka: yanapwa alasiri, hayapwi mbali, ila nuru inakuwa upande wako. Na huku kwetu karibu na ikweta jua hushuka wima, ile rangi ya dhahabu haikai. Asiyejua majira itamkuta bado anafungua begi.

Upepo pia una majira yake, kusi na kaskazi, na wenye video ndio huumia zaidi: picha safi, sauti yote ni mvumo. Kipande kidogo cha sponji juu ya maikrofoni husaidia. Kusimama nyuma ya ukuta husaidia zaidi.

Sasa watu. Tangu kilimo cha mwani kianze kibiashara Unguja mwaka 1989, kimekuwa kazi ya wanawake zaidi, na kazi yao huandamana na bamvua, siku chache tu, saa chache za maji kupwa. Mama yule ameinama, nguo zimemrowa, anafunga mwani kwenye kamba akikimbizana na maji. Wewe unasimama juu yake unasema, "Mama, inua uso kidogo, cheka." Nani amekuambia kuwa ana nafasi ya kucheka? Na nani amekuambia anataka kuonekana na ulimwengu akiwa hivyo? Kama unataka picha yake, anza na shikamoo, jitambulishe, sema picha inakwenda wapi. Akisema subiri, subiri atoke majini. Akikataa, mshukuru uende zako. Nimewasikia wanaosema kwamba ukiomba ruhusa, picha inapoteza uhalisia. Hicho ni kisingizio cha woga. Kaa na watu kutwa nzima, watakuzoea, watarudi kwenye shughuli zao, na hapo utapata uhalisia mpaka uchoke.

Watoto nawaweka mbali zaidi. Mtoto wa mwenzio hapigwi picha bila mzazi kujua, hata akikukimbilia mwenyewe akicheka. Msidhani haya ni maneno ya wazee tu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, na mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data iliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Tanzania nayo ilitunga sheria yake ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022. Wenye droni, nyinyi mnajua kwamba kibali kinatakiwa kabla ya kurusha, kwa hiyo sina la kuongeza ila kwamba nyua za watu huku ni sitara.

Viumbe hawawezi kujisemea mbele yenu, kwa hiyo nitawasemea mimi. Kiti cha pweza ukikitoa majini ukakishika kwa ajili ya selfi, unakidhuru, hata ukikirudisha taratibu. Pomboo wa Kizimkazi wakizungukwa na boti tano hawachezi, wanakimbia. Na vifaranga wa kasa, iwe Watamu au kisiwa cha Juani kule Mafia, hutoka kwenye mchanga usiku na kufuata upande wenye mwanga, ambao kwa kawaida ni bahari. Flashi yako au taa ya simu inawageuza warudi nchi kavu, na huko wanaliwa na kaa, au jua huwakuta hapo. Picha ya kifaranga gizani haina thamani ya kifaranga mwenyewe. Na mkiona kiota, msitaje mahali. Zima kwanza kile kipengele cha simu kinachoandika eneo ndani ya picha, maana picha ikitumwa kama faili hubeba eneo lake hadi kwa asiyestahili.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Mohamed Amin, ambaye mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliuamsha ulimwengu, alianzia utotoni Dar es Salaam na Box Brownie, kisanduku kisicho na mbwembwe. Usikope fedha kununua lenzi. Kopa kitabu, au nenda ukakae na fundi.

Linalonisumbua zaidi ni kwamba hamhifadhi. Mnapiga mia tano kwa siku, simu inaibiwa, memori kadi inakufa, na zote zimekwenda. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Mjini Unguja mwaka 1930, na leo tunajua sura za majahazi, sherehe na mitaa ya enzi hizo kwa sababu yeye na mwanawe walitunza kazi yao. Walikuwa na joto na unyevu uleule mnaoulalamikia. Basi kila mwezi teueni picha chache, zipelekeni zikasafishwe kwenye karatasi. Nyuma ya kila moja andikeni kwa kalamu ya risasi jina la mtu kama ameridhia, mahali, na mwaka. Nakala moja mpeni mwenye sura, nyingine iwekeni pakavu.