Mtoto Huwa Mtu Mzima Lini?

Kila mkulima wa Ugogo ajua neno hili: ukipanda mtama siku moja katika shamba moja, mbegu hazioti zote siku moja. Nyingine hutangulia, nyingine hukawia, na zote ni mtama. Nalileta neno hili mbele yenu kwa sababu ya swali lililonipata shuleni, nalo lilinisumbua siku nyingi.

Mwaka jana, baada ya mavuno, baba mmoja alinijia nyumbani jioni. Tulipokwisha kuamkiana akasema, "Mwalimu, nimekuja kukuaga kwa ajili ya binti yangu. Amekwisha kuvunja ungo, si mtoto tena. Watu wamekuja na neno la ng'ombe." Binti huyo alikuwa darasa la tano, umri wake miaka 11. Nikasema ya kuwa angali mtoto. Naye akanijibu kwa upole, "Mwalimu, mimi sikumkomaza. Aliyemkomaza ni Mungu. Wewe ni nani hata useme bado?"

Usiku ule sikuwa na jibu. Tena dhamiri yangu ilinihukumu, maana mimi pia nilikuwa nimekosa. Binti yule alikuwa mrefu kuliko wenzake, na siku moja alipolia darasani nilimkemea, nikisema, "Mtu mzima wewe, huoni haya?" Na katika darasa la saba alikuwako mvulana wa miaka 15, mdogo wa mwili, sauti yake nyembamba. Wenzake walimwita mtoto, nami nilicheka pamoja nao. Basi baba yule na mimi tulikuwa na kosa moja: tulipima utu kwa kimo cha mwili.

Yafaa kwanza tujue mambo haya yalivyo. Katika ubongo mna tezi ndogo, ukubwa wake kama punje ya njegere. Wakati ukifika, ubongo huiamuru tezi hiyo, nayo hutia katika damu vitu viitwavyo homoni, navyo huviamsha viungo vya uzazi. Msichana wa kawaida huanza kati ya miaka 8 na 13, na dalili ya kwanza mara nyingi ni matiti. Hedhi hufuata baada ya miaka kama miwili au zaidi kidogo. Mvulana huanza kati ya miaka 9 na 14, na sauti huwa nzito baadaye. Kwa hiyo watoto wawili wa miaka 12 waweza kusimama pamoja, mmoja akaonekana kama mama wa mwenziwe, na wote wawili ni wazima. Hakuna aliyerogwa, wala aliyefanya uovu.

Lakini msichana akianza kabla ya miaka 8, au mvulana kabla ya miaka 9, apelekwe kwa mganga wa hospitali. Kwa wasichana wengi wa namna hii hauonekani ugonjwa wowote, walakini pengine kuna uvimbe katika ubongo au ugonjwa wa tezi, hasa kwa wavulana. Dawa ziko za kuuzuia mwili mpaka wakati wake. Mtoto wa namna hii hurefuka upesi, kisha mifupa yake huacha kukua mapema, akawa mfupi kuliko wenzake. Kadhalika msichana wa miaka 13 asiye na matiti, au wa miaka 15 asiyeona hedhi, na mvulana wa miaka 14 asiye na dalili yoyote, nao wapimwe. Wengi wao, hasa wavulana, ni wa ukoo unaochelewa, na baba zao walikuwa vivyo hivyo. Wengine huzuiwa na njaa, au na ugonjwa wa siku nyingi kama selimundu. Kuwacheka hakuwaponyi.

Sasa turudi kwa swali la yule baba. Nilikwenda kwa bibi wa binti, mama yake yule baba, nikamweleza. Akasema, "Mwalimu, sisi zamani tulivunja ungo tukiwa wasichana wakubwa. Mama yangu aliniambia ya kuwa walioumia kwa Mtunya walikawia sana." Mtunya ndiyo njaa kuu iliyowaangamiza watu wengi wa Ugogo katika miaka ya 1917 hata 1920, wakati majeshi ya vita ya Wazungu yalipokwisha kuchukua ng'ombe, chakula na wapagazi, kisha mvua ikakosa. Maneno ya bibi yapatana na elimu. Katika nchi za Ulaya, miaka 150 iliyopita, wasichana wengi waliona hedhi wakiwa na miaka 15 au 16, na chakula na afya vilipoongezeka, umri ulishuka hata 13 au chini yake.

Fikirini basi. Desturi ya kumwoza binti mara avunjapo ungo ilitoka katika siku ambazo ungo ulivunjwa kwa kuchelewa. Leo dalili imesogea nyuma, lakini desturi imesimama palepale. Asemaye ya kuwa anafuata njia ya babu zake, naye amwoza mtoto wa miaka 11, hafuati njia yao. Ashika neno lao tu, na maana yake imempotea.

Tena mwili wenyewe washuhudia ya kuwa kazi haijakwisha. Mifupa ya nyonga huendelea kupanuka miaka kadhaa baada ya hedhi ya kwanza. Binti mdogo akichukua mimba, mtoto aweza kukwama katika njia ya uzazi, mama akafa, au akapona na fistula, akivujwa na mkojo bila kuweza kujizuia. Basi Mungu aliyeanza kumkomaza hajamaliza. Kwa nini tumnyang'anye kazi mkononi?

Wazee wetu nao walijua ya kuwa mwili peke yake haumfanyi mtu. Ndiyo sababu waliweka jando na mafundisho yake, maana kijana hakuhesabiwa mtu kwa ndevu, ila kwa kufundishwa. Huko Masasi, kusini mwa nchi, Padre Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu baadaye, aliliona jambo hili, na tangu mwaka 1913 jando lilifanywa kwa namna ya Kikristo. Nasifu mafundisho, si kisu juu ya mabinti. Kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni hatia katika sheria ya nchi tangu mwaka 1998.

Nasi tuliobatizwa tunao mfano. Bwana wetu alipokuwa na miaka 12 aliwastaajabisha walimu hekaluni kwa akili zake, lakini alishuka na wazazi wake mpaka Nazareti, akawatii. Akili zilikuwapo, na wakati ulikuwa bado.

Wahenga walisema, "Ukubwa ni jaa." Kila taka hutupwa hapo: madeni, magonjwa, ugomvi, misiba. Je, twaweza kumtupia mtoto hayo yote kwa sababu kifua chake kimeota? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema ya kuwa aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua ya kuwa vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa vyapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha. Katika mwaka 2016 pia sheria ya elimu iliweka kifungo cha miaka 30 kwa amwoaye mwanafunzi.

Lakini sikumwendea yule baba na habari ya kifungo. Nilijua hofu yake: aliogopa binti asipate mimba nyumbani, akaaibika mbele ya watu. Hofu hiyo si ya kijinga. Nikamwuliza, "Baba, mtama ukitoa masuke, wavuna siku ile?" Akasema, "La." "Wafanya nini?" Akasema, "Naamia ndege." Nikamwambia, "Ndivyo ilivyo kwa binti yako. Hakuna wakati shamba lihitajipo mlinzi kuliko sasa. Wewe wataka kuvuna, na punje zingali maziwa."

Alinyamaza kitambo, kisha akaaga. Hakuniambia ya kuwa amekubali. Lakini wale watu wa ng'ombe walirudi kwao, na binti yuko darasa la sita. Nami nilimwita yule mvulana kabla hajamaliza shule, nikamwomba radhi, nikampeleka kwa mganga pamoja na baba yake. Alionekana mzima, na baba akacheka, akasema, "Hata mimi nilikuwa hivi."

Basi, enyi wazazi, mtoto akitangulia msimharakishe, na akikawia msimdharau. Mama na ampe binti habari ya hedhi kabla haijamjia, asije akadhani amejeruhiwa. Baba na aseme na mwanawe. Kukomaa kwa mwili si ruhusa ya kuvuna. Ni mwito wa kukaa shambani na kulinda.