Mtoto Anapomsemea Baba

Ndugu msomaji, hebu jiulize: mtu akimtukana baba yako kwa lugha asiyoijua, halafu mzee akakugeukia akuulize, "Kasema nini?", utamjibu nini?

Usicheke. Vijana wengi wa Kikorea huko Marekani wamekua na swali hilo. Baada ya sheria ya uhamiaji ya mwaka 1965, familia nyingi zilihama Korea Kusini, na nyingi zikatua Los Angeles. Baba aliyesoma hadi chuo kikuu kwao akajikuta yuko nyuma ya kaunta ya duka, kisa Kiingereza. Mwanawe akaidaka lugha upesi shuleni. Basi mtoto ndiye anayepokea simu, ndiye anayesoma barua ya mwenye nyumba. Wakorea wenyewe huwaita vijana hawa kizazi cha moja na nusu.

Sasa Kikorea ni lugha ya adabu. Mwisho wa kitenzi hubadilika kufuatana na unayesema naye, na mkubwa haitwi hivi hivi kwa jina. Sisi wa shikamoo tunaelewa. Kwa hiyo kijana anamjibu mzee kwa heshima zote: "Anasema bei iko juu." Tusi kalimeza.

Wapo watakaosema huyo ndiye mtoto mwema. Mimi nakataa. Anayechagua mzee asikie nini na asisikie nini, huyo tayari kajifanya mzee. Ulimini ana heshima, lakini kwa kitendo kamgeuza baba kuwa mtoto mchanga wa kubembelezwa.

Tena mficha maradhi, kifo humuumbua. Tarehe 29 Aprili 1992 Los Angeles iliwaka moto, baada ya polisi waliompiga Rodney King kuachiwa na mahakama. Maduka zaidi ya 2,000 ya Wakorea yaliporwa au kuchomwa. Sisemi moto ule uliwashwa na tafsiri. Uliwashwa na dhuluma na umaskini wa miaka mingi. Nasema tu kwamba mtu asiyejua mteja wake anasema nini juu yake hamjui jirani yake, na hawezi hata kumwomba radhi au kumjibu.

Najua ukweli unauma. Lakini maumivu hayo ni ya mzee mwenyewe, ni haki yake. Kazi ya mtoto ni kumfikishia neno lilivyo, kisha asimame ubavuni mwake.

Au wewe mwenzangu ungelimeza?