Gari la Kusukumwa

Ndugu msomaji, hebu nikuulize: kitu kinachotulazimisha kuwa wema, je, chenyewe ni chema?

Swali hili nililiokota Mabira, kule Kyerwa, kwenye mabishano ya magari. Upande mmoja mzee mwenye Peugeot 404. Upande wa pili kijana mwenye Toyota Vitz inayobeba abiria: wanne kisheria, saba kwa mazoea.

"Mwanangu, hicho chako ni kiatu," alianza mzee. "Gari ni hili. Lilishinda Safari Rally mwaka 1963, likarudia 1966, 1967 na 1968. Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda nalo mara mbili mfululizo! Na betri ikifa, unazungusha hendeli, linaunguruma."

"Sikatai, mzee wangu," alijibu kijana. "Lakini injini yako ni cc 1,618, yangu 997. Mlima ni huuhuu, nami nanusa tu mafuta. Usiku wa manane mgonjwa akizidiwa, wanamwita nani?"

Tukacheka. Mzee hakucheka.

"Hili likigoma, watu wanashuka wanasukuma," akasema. "Waliogombea mpaka wa shamba wanakutana bega kwa bega. Lako ni otomatiki, hata likisukumwa haliwaki. Halihitaji mtu."

Hapo tukanyamaza wote. Nami nilikuwa karibu kumpa mzee ushindi.

Lakini tufikiri vizuri. Wale waliosukuma walitaka kufika kwao. Nani angebaki ameketi huku giza linaingia? Na mama mwenye uchungu, aliyesubiri wakati mabega yanatafutwa, tumwambie gari bovu lilijenga umoja? Tusisifu shida kwa sababu ilitukutanisha. Hata njaa hukutanisha watu.

Basi kijana ameshinda? Hapana, bwana. Vitz hiyohiyo hupita na kumwachia vumbi bibi mwenye gunia la kahawa, vioo vimefungwa. Dereva si katili. Hana tu kinachomlazimisha kusimama.

Kumbe 404 haikutufanya wema. Ilitunyima nafasi ya kuonyesha ubaya wetu. Vitz imetupa nafasi hiyo, na ndiyo sababu mtihani wake ni mgumu zaidi. Zamani wema ulidaiwa na betri. Leo unadaiwa na dhamiri, na dhamiri, ndugu yangu, haina honi.

Mabishano yalikatizwa na mvua. Mzee akapanda 404 yake, akawasha. Kimya. Hendeli nayo ikagoma. Kijana alikuwa keshaketi ndani ya Vitz, injini inaunguruma, abiria wamejaa. Tukamtazama. Hakuna aliyemwita.

Akazima gari. Akakunja suruali, akashuka kwenye matope.