Waliokosa Kitabu cha Ukoo (Ezra 2:59-63)



Watu 652 walitoka Babeli, wakashindwa kuonyesha nyumba za baba zao. Hata wana wa makuhani walitafuta majina yao kitabuni wasiyaone, wakaondolewa katika ukuhani. Lakini angalieni: hakuna aliyewarudisha Babeli.

Wandugu wetu weusi wa Marekani wako na shida hiyo. Mababu za wengi walitiwa melini Loango na Luanda, majina yakabaki pwani. Tangu 2003 kampuni African Ancestry inapima A.D.N. yao, kwa kupangusa ndani ya shavu, na kuwaandikia kabila. Wengine wanapokea karatasi ile mbele ya jamaa, machozi yanatoka.

Kwetu wako wanaocheka: "Ukoo wa mashini!" Msicheke. Kipimo kimoja kinafuata mama, na mama ya mama, mpaka mbali sana. Wakongo si wanahesabu ukoo vilevile? Ni kweli, huo ni mstari mmoja tu. Ukipanda vizazi kumi, nafasi za wazazi ni 1,024. Karatasi haimalizi mtu.

Mwaka 1991, New York, wakichimba msingi wa jengo la serikali, walikuta makaburi ya Waafrika. Zaidi ya 400 walizikwa tena 2003, katika masanduku yaliyochongwa Ghana, bila jina.

Basi mmoja wao akifika hekaluni, mzee asimuulize kijiji kama polisi wa mpaka, wala asimwombe dola. Wamama wa mapokezi wampe maji na kiti. Karani aandike jina lake katika kitabu cha parokia siku ileile.